Msiahirishe miadi ya Mama

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi, sisi wazima na Hamisi anakusalimu. Habari nyingine zitangoja, maana ujumbe wako umeninyima raha: eti Mama anataka kuahirisha miadi ya daktari wa upasuaji kwa kuwa ultrasaundi ya moyo ilisoma 4.2 na MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) imesoma 3.4. Nawasihi, msiahirishe.

Namba hizo ni mita kwa sekunde, kasi ya damu inapopenya vali ya aota iliyobana, yaani mlango wa damu kutoka moyoni kwenda kwenye mshipa mkuu. Ikifika 4, ugonjwa huhesabiwa mkali, ndiyo maana 3.4 imewapa matumaini. Lakini MRI mara nyingi huipunguza kasi ya juu kabisa. Protoni (viini vya hidrojeni) za damu inayotembea hubadilisha awamu, yaani hatua ya mzunguko, ya mawimbi yake kulingana na kasi, ndivyo MRI inavyoisoma, na kila chembe ya picha hutoa wastani wa damu yote iliyomo. Mchirizi wa kasi ni mwembamba. Ukichanganyika na damu ya polepole ya pembeni, namba inashuka. Msukosuko wa damu nao hufifisha ishara ya MRI. Tena mpimaji asipokata picha pale pale mchirizi unapokaza mwendo, inashuka zaidi. Ultrasaundi nayo isipoelekezwa sambamba na mkondo wa damu husoma pungufu, kwa hiyo mimi naipa uzito ile namba kubwa.

Na hiyo 0.8 msiione ndogo! Tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali hukadiriwa kwa kuzidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara 4. Kwa 4.2 unapata kama milimita 71 za zebaki, kwa 3.4 unapata 46. Unaona pengo lilivyo?

Siidharau MRI. Ingekuwa vali inavuja na tunataka kujua damu kiasi gani inarudi, ningeitanguliza yenyewe. Ila Mama tatizo lake ni kubana, na... basi, daktari wa moyo aone majibu yote mawili kwa pamoja, aamue yeye.

Hebu niambie: Mama aliweza kuzuia pumzi walipomwambia? Mapigo yake yalikuwa sawasawa siku ile? Ripoti imetaja kikomo cha kasi walichoweka kwenye mashine, na upana wa tundu la vali? Kile kizunguzungu alichomwambia Rehema kimerudi? Akipanda ngazi kifua kinambana? Na miadi ni lini hasa, nimpigie Mama mwenyewe kabla hajaifuta?

Wako,
Asha