Wifi, watoto watatu hawatoshi kambi moja

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba shule zikifungwa Juni unataka kuwaleta wote watatu Moshi waingie kambi moja ya kulala, ili wewe na kaka mpumue kidogo. Kuja waje, tena nawasubiri kwa hamu. Ila hilo la kuwaweka wote pamoja nina neno nalo, na naliandika hadharani kwa sababu kila likizo ikikaribia wazazi wengine huniuliza hilo hilo. Nimekuwa mlezi wa skauti, nimekuwa matroni wa kambi za kanisa, na watoto wa umri wote nimelala nao bweni moja.

Nianze na kitinda mimba wako. Mchana hana tabu kabisa. Mpe wenzake wa kucheza nao kombolela, mpe udongo wa kufinyanga, hata jina lako halitaji mpaka jua linazama. Kazi ni usiku. Saa mbili, wameshakunywa uji, wamenawa miguu, taa imepunguzwa, mtoto wa miaka sita anakwambia tumbo linamuuma. Unampapasa, unampa maji ya uvuguvugu, unamfunika vizuri. Baada ya muda anasema wazi: namtaka mama. Wa kitanda cha pili akisikia hivyo naye anaanza, na haichukui muda bweni zima la wadogo linalia. Asubuhi utamkuta mmoja amekalia shuka lake, hataki kuinuka kwenda kunywa chai, kwa sababu godoro limelowa na anaogopa kuchekwa. Huyo hajadekezwa wala hana kasoro. Umri wake bado.

Hata skauti wenyewe waliliona hilo. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipopiga ile kambi ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alichukua wavulana kama 20, watoto wa matajiri kwa watoto wa wafanyakazi. Uskauti uliposambaa, wadogo zao wakang'ang'ania kuwafuata, na mwaka 1916 wakaundiwa kundi lao, lenye michezo na taratibu za umri wao. Hawakurundikwa kwenye mahema ya kaka zao. Kwa hiyo mdogo alale kwangu. Kambi ninayokushauri inapokea watoto wa kutwa: nitampeleka asubuhi akishashiba na kumfuata jioni, hadithi zake zote atanimalizia mezani.

Wa kati ndiye mwenye kambi. Miaka kumi ni umri mtamu sana: anaweza kufua soksi zake, anaweza kukumbuka tochi ameiweka wapi, na bado hajaanza kuona aibu kuimba kwa sauti. Juni huku kwetu masika yanakuwa yametoka kuisha, kuni bado zina unyevu, na kuwasha moto si mchezo. Nimewahi kumtazama binti wa umri wake amelala kifudifudi mbele ya mafiga, anapuliza, macho yanamtoka machozi kwa moshi, majivu yamemjaa kwenye kope, mwenzake amesimama juu yake ametanua kanga kuzuia upepo. Mlezi mmoja alitaka kwenda kuwasaidia, nikamshika mkono. Ulipowaka walipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Makande ya siku hiyo yalichelewa na hakuna aliyelalamika.

Na hapo motoni ndipo wanaposikia habari ambazo wewe na kaka hamjawahi kuwa na muda wa kuwasimulia. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi, kilele kidogo cha Kilimanjaro, alikuwa akizimikiwa na moto kila mara na kwenda kuomba kwa Kibo, kilele kikubwa, mpaka Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi kachongoka vile. Kesho yake alfajiri, kabla mawingu hayajafunga, watoto hutoka na mablanketi yao kuhakikisha. Damu yake ni ya huku, wifi. Ni haki yake kuyajua haya.

Ombi langu kwake ni moja: usimpigie simu kila jioni. Sauti yako saa moja usiku itamvuruga hata kama mchana mzima alikuwa akicheka. Likitokea jambo, utapigiwa wewe.

Sasa kifungua mimba, ambaye ndiye ananiumiza kichwa. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na ukimweka foleni moja na watoto wa darasa la tatu atakaa pembeni amenuna wiki nzima, na mimi sitamlaumu. Kijana wa umri huo anataka kuaminiwa. Kwenye kambi za Marekani, ambako likizo ndefu ya kiangazi ndiyo iliyoukuza utamaduni huu, vijana wa rika lake hufundishwa ulezi wa wadogo. Huku nasi tunawapa vikosi: kuhesabu watoto kabla ya kulala, kushika kamba wakati wa kuvuka kijito, kutembea nyuma kabisa kwenye msafara wa kutoka lango la Marangu kwenda Mandara, kituo cha wapanda mlima Kilimanjaro kilicho karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ili asibaki mtu msituni. Ila asipewe kikosi cha mdogo wake, maana atamchunga kama polisi na wote wawili watakosa raha.

Usiku, wadogo wakishalala, wakubwa hukaa na walezi. Hapo huulizwa maswali ambayo kwa baba na mama hayatoki: mwili, mapenzi, woga wa kufeli, ugomvi wa nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumleta. Lakini muulize kwanza kama anataka. Na mwambie mapema kwamba simu hukusanywa, asije akagundua akiwa tayari getini.

Kabla hamjalipa, kaka apige simu aulize nani analala na watoto, wavulana na wasichana wametengwaje, vyoo vina taa usiku, na wakienda kuogelea kwenye chemchemi za Chemka nani anabaki majini na wasiojua kuogelea. Mwenye kambi akijibu kwa kuzungukazunguka, tutafute nyingine.

Wa kati mfungie sweta mbili nzito, za kweli, si za Dar, na dawa yake ya pumu ya kuvuta, jina lake liandikwe juu. Mkubwa akishakupa jibu nijulishe, nikamshikie nafasi kwenye vikosi.

Shangazi yao,
Moshi