Barabara ikifunguliwa, mafuta yaliyomwagika yanabaki kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, pamoja na wote wenye dhamana ya maafa na mazingira katika Nyanda za Juu Kusini, kuhusu jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya barabara kuu iendayo Zambia tunaliona mara kwa mara na ambalo, kwa maoni yangu, linahesabiwa vibaya. Lori la mafuta au la kemikali likipinduka, huchukuliwa kuwa ni ajali ya barabarani basi. Na ajali ya barabarani huisha pale majeruhi wanapofikishwa hospitali, lori likavutwa, na magari yakaruhusiwa kupita. Kile kilichomwagika hakina mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa mpunga wilayani Mbarali. Msimu mmoja wa kupandikiza, miaka michache iliyopita, lori la dizeli lililokuwa likielekea Tunduma liliacha njia usiku karibu na kijiji chetu, likalala ubavu juu ya mtaro wa barabara. Dereva na utingo walitoka salama, tukamshukuru Mungu. Askari wa usalama barabarani walifika mapema, wakawazuia watu waliokwisha kukusanyika na madumu yao, na kwa hilo wanastahili heshima, kwa sababu sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na kulipuka watu wakiwa wanachota. Asubuhi winchi ikalinyanyua lori, udongo ukamwagwa juu ya lami iliyolowa, na kabla ya adhuhuri mabasi yalikuwa yanapita. Hakuna aliyeuliza mtaro ule unapeleka maji wapi.

Unapeleka kwenye mfereji wetu. Nilipofika shambani nilikuta geti la tawi la mfereji liko wazi kama tulivyoliacha jioni, na juu ya maji umetanda utando wenye rangi za upinde wa mvua, ukisogea polepole kuelekea kwenye vitalu. Mama mmoja jirani yangu, ambaye kitalu chake ndicho cha kwanza kwenye tawi hilo, alikuwa ameinama na bakuli, akiosha miche yake mmoja mmoja. Nikamwambia, “Mama, iache, hayo maji unayooshea ndiyo yale yale.” Hakunijibu, akaendelea kuosha. Siku chache baadaye miche ilianza kugeuka njano kuanzia nchani, na mwisho wa juma hapakuwa na cha kupandikiza. Alinunua miche kwa watu, kwa mkopo, akapanda amechelewa.

Nilizunguka ofisi kadhaa kwa niaba yake na ya wenzake, na napenda niwe mkweli kwamba kila ofisi ilinipokea vizuri. Lakini mmoja aliniambia hilo ni suala la polisi, mwingine akasema ni la mwenye lori na bima yake, wa tatu akasema ni la mazingira, na wa mazingira akasema hakupewa taarifa siku ya tukio, kwa hiyo hakuna sampuli ya maji iliyochukuliwa. Bila sampuli hakuna ushahidi, na bila ushahidi ile kanuni iliyomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwamba anayechafua ndiye anayegharimia, inabaki kuwa maneno mazuri kwenye karatasi.

Sisemi kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 inataka pawe na kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Mkemia Mkuu wa Serikali anasimamia kemikali za viwandani na majumbani kwa sheria ya mwaka 2003, na ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za kusafirisha mafuta. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007 na namba ya kupiga, 114. Hata baharini, ambako mimi sijawahi kuvua hata dagaa, upo mpango wa taifa wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta ambao TASAC, shirika la uwakala wa meli, inausimamia. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha hayo yote pale lori linapolala Chimala saa nane za usiku, ambapo mtu wa kwanza kufika ni mlinzi wa mashine ya kukoboa au kijana wa bodaboda.

Na mzigo unaopita hapa si mdogo. Karibu kila kinachokwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo kupitia bandari ya Dar es Salaam kinapanda Kitonga, kinapita Iringa, Makambako na Uyole, kisha kinateremka Iwambi kuelekea Mbalizi na Tunduma. Yapo mafuta, ipo salfa, zipo tindikali. Yapo malori yanayokata Uyole kwenda Tukuyu na Kasumulu kupeleka mafuta Malawi. Sayanidi ya kuchenjulia dhahabu inakwenda Chunya. Ipo reli ya TAZARA, na lipo bomba la mafuta la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710, ambalo tangu mwaka 1968 lilipeleka mafuta ghafi Ndola, Zambia, na tangu mwaka 2023 linapeleka dizeli. Njia hizi zinakatiza mito ambayo watu wanakunywa. Ruaha Mdogo unapita chini ya daraja la Ipogolo pale Iringa, na mito yetu ya Usangu inaingia Ruaha Mkuu, unaokwenda hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kwenye bwawa la Mtera.

Kuna jambo moja ningependa kila mjumbe wa kamati ya kijiji alijue, nalo halihitaji bajeti. Malori mengi ya mizigo hatari yana kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu na moja chini. Namba ya chini ndiyo jina la mzigo: 1202 ni dizeli, 1203 ni petroli, 1830 ni tindikali ya salfa, 1689 ni sayanidi ya sodiamu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuisoma kutoka mbali na kuitaja kwenye simu, na anayepokea simu hiyo akajua papo hapo kama atume gari lenye povu, mtaalamu wa kemikali, au vyote viwili. Tofauti hiyo ni ya uhai na kifo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujaa mtaroni na kutambaa hadi kwenye jiko la mama lishe bila kuonekana, na petroli yenyewe inayowaka ukiimwagia maji huelea na kuendelea kuwaka. Dizeli haiwaki upesi hivyo, lakini hudumu sana kwenye udongo. Tindikali ukiitupia maranda au pumba hupata moto mkali badala ya kutulia. Nimeishi kando ya barabara hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna mkutano wa kijiji niliowahi kuhudhuria ambapo mambo haya yalielezwa.

Jambo la pili linahusu mifereji na makorongo. Dizeli huelea. Kwa hiyo mfereji wenye dizeli unaweza kuzibwa kwa tuta la udongo lililolaziwa bomba kwa chini, upande wa kutokea maji ukiwa umeinuliwa kidogo, ili maji safi ya chini yapite na mafuta yabaki nyuma ya tuta, ambako yatanyonywa au kukombwa. Vijana sita wenye majembe na bomba moja la inchi sita wanaweza kulijenga kwa muda mfupi, mradi wawe wamefundishwa, na mradi mtu mwenye mamlaka amethibitisha kwamba ni dizeli, si petroli, kwa kuwa kwenye petroli raia hatakiwi kusogea kabisa. Pumba za mpunga, ambazo huku Mbarali zinarundikana nyuma ya kila mashine hadi tunazichoma, hunyonya mafuta vizuri zikiwa zimefungwa kwenye viroba vya wavu. Hatusubiri kifaa kutoka nje ya nchi ili tuanze.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa mikoa ni hili: kila wilaya ambayo barabara kuu inapita imteue afisa mmoja, kwa jina na kwa simu, ambaye tukio la kumwagika ni lake tangu dakika ya kwanza hadi maji yatakapopimwa na kuonekana salama, hata kama ni miezi sita baada ya lori kuondolewa. Barabara isitangazwe kuwa imefunguliwa kabla afisa huyo hajaandika mtaro umekwenda wapi na nani wako chini yake. Sampuli ya maji na ya udongo ichukuliwe siku hiyo hiyo, kwa gharama ya mwenye mzigo, na nakala ya majibu ipelekwe ofisi ya kijiji. Kamati za maafa za vijiji vya barabarani zikutanishwe na Zimamoto walau mara moja kwa mwaka, tena mahali penyewe, kwenye mteremko wenyewe, si kwenye ukumbi wa wilaya, kwa kuwa gari la zimamoto linatoka mbali na saa ya kwanza itakuwa ya wanakijiji tupende tusipende.

Sisi wa chama cha wamwagiliaji tumefanya lililo ndani ya uwezo wetu. Ufunguo wa geti la tawi sasa unalala kwa mlinzi wa mashine iliyo karibu zaidi na barabara, naye anajua kulifunga gizani. Pembeni ya geti tumelaza bomba na viroba ishirini vya pumba. Ukutani kwake tumebandika karatasi yenye namba za vibao, na chini yake tumeacha nafasi ya jina na simu ya afisa wa wilaya. Nafasi hiyo bado iko wazi, na vitalu tunaanza kumwaga mbegu mvua za kwanza zikinyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya.