Mnaizima ya nini hiyo Defender?

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo nalisikia kila siku na kunyamaza nimechoka. Mtu akipata kompyuta mpya ya Windows, kabla hata hajaizoea, tayari kuna mjuaji pembeni anamwambia hiyo antivirusi iliyokuja nayo, Defender, ni ya bure haina kitu, zima, weka ya maana. Sasa muulize hiyo ya maana ni ipi. Atakutajia nyingine ya bure! Au atakupa ya kulipia ambayo ameikraki mwenyewe, kavunja kufuli lake ili itumike bila kulipa, yani mlinzi ameingia kwa kuvunja mlango.

Mimi nasema Defender ya Microsoft inaaminika kwa mtu wa kawaida, na sisemi hivo kwa sababu Microsoft ni watu wema, kampuni kubwa hivo haina wema wala ubaya, ina hesabu. Ukipewa kitu bure uliza mwenyewe anakula wapi. Microsoft ameshakula kwenye Windows yenyewe, na kompyuta zikijaa virusi lawama inamrudia yeye, watu wanasema Windows mbovu, hawasemi nilibonyeza linki ya ajabu. Kwahiyo akikulinda bure anajilinda na yeye. Kampuni ambayo kazi yake ni antivirusi tu, ikikupa ya bure, lazima hela itoke sehemu nyingine. Mara nyingi inatoka kwenye matangazo ya kukusumbua ununue ile kubwa, hiyo sio dhambi. Lakini tumeona pia Avast, antivirusi ya bure iliyokuwa kwenye mashine za mamilioni ya watu, ikikusanya rekodi za kurasa wanazotembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Mwaka 2020 mambo yakaanikwa Jumpshot ikafungwa, na 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawataka walipe dola milioni 16.5. Sasa hiyo ndo "ya maana"?

Najua kuna atakayesema mbona Defender nayo inatuma mafaili kwa Microsoft. Kweli inatuma, ikikutana na faili inayoitilia shaka inaweza kupeleka sampuli kwenye seva zao ikachunguzwe, na hiyo swichi ipo kwenye setingi, kama hutaki zima hiyo tu uache mengine. Antivirusi karibu zote za siku hizi zinafanya hivo.

Afu tuwe wakweli, wanaoidharau hawajaokota maneno barabarani, kuna wakati walikuwa sahihi kabisa. Microsoft alianza kwa kununua, 2003 akanunua teknolojia ya antivirusi kutoka GeCAD ya Romania, mwaka uliofuata akainunua kampuni ya Giant iliyokuwa na programu ya kukamata spaiwea, zile programu za kukupeleleza kimyakimya, ndo ikazaa jina la Defender. Akajaribu kuuza antivirusi ya kulipia, OneCare, watu hawakuishobokea. 2009 akatoa antivirusi nyingine, Security Essentials, bure, na hiyo mwishoni mwa 2012 maabara ya AV-TEST ya Ujerumani wakainyima cheti, virusi vipya vilikuwa vinaipita. Hapo ndo sifa mbaya ilipotokea. Ila tangu Windows 8 antivirusi hiyo ikawa ndani ya mfumo wenyewe kwa jina la Defender, wakaikazania, na kufikia 2019 maabara ileile ikawa inaipa alama zote 18 kwa 18. Mjuaji wetu yeye bado yupo 2012.

Na wanaolalamika kwamba Defender iliruhusu virusi, jaribu kuangalia kilichotokea. Mtu amedaunlodi gemu au programu ya kulipia iliyokrakiwa, ndani ya folda kuna kafaili ka maelezo, ukikafungua mstari wa kwanza kabisa kanakwambia zima antivirusi kabla ya kuinstali, halafu wa pili kanakuambia usijali ikipiga kelele ni kosa la antivirusi. Na anazima! Defender imemwonyesha alama nyekundu, imeifungia faili karantini, yeye kaenda kuitoa kwa mkono wake na kuiwekea ruhusa ya kudumu. Wiki mbili baadaye akaunti zake zinatuma ujumbe wa ajabu kwa ndugu na marafiki na yeye anasema antivirusi ya bure haifai. Hata ungemwekea ya gharama gani ingezimwa vilevile.

Hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Kwamba aliyetengeneza mfumo wenye matundu ndo huyohuyo anakuambia nitakulinda, na kwamba ikiwa kila mtu anatumia mlinzi mmoja basi mwizi anamsomea huyo mmoja tu. Ni kweli, Mei 2017 watafiti wa Google waligundua tundu ndani ya injini yenyewe ya Defender, faili la mtego likifika tu kwenye imeili na Defender ikaliskani, mashine inaweza kutekwa bila wewe kufungua kitu. Inatisha. Lakini marekebisho yalitoka ndani ya siku chache na yakajiweka yenyewe. Mwezi huohuo WannaCry, programu ya kuteka mafaili na kudai fidia, ikafunga mafaili ya watu dunia nzima, na tundu ililopitia lilikuwa limeshazibwa na apdeti ya Machi, miezi miwili kabla. Sa hapo nani alikosa, antivirusi au anayebonyeza "nikumbushe baadaye" kila siku?

Kitu ambacho ningewalaumu Microsoft ni kwamba ulinzi wa mafolda dhidi ya programu za kuteka mafaili upo humohumo kwenye Defender ila unakuja umezimwa. Unasumbua kidogo, kuna programu halali itakataliwa kusevu mpaka uiruhusu, ila afadhali usumbufu huo. Na ile antivirusi ya majaribio inayokuja imebandikwa kwenye laptopu mpya, muda wake ukiisha inabaki pale inakutisha tu kwa madirisha mekundu, wewe itoe, Defender inarudi yenyewe. Mwenye Windows 10 ajue msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, orodha za virusi Defender itaendelea kupata mpaka 2028 lakini hiyo haizibi matundu ya mfumo, wasije wakachanganya.

Ombi langu kwako Mhariri ni kuhusu zile makala za antivirusi kumi bora. Mwandishi akiziweka aseme kama kampuni inalipa chochote mtu akinunua kupitia linki ile, na Defender aiweke kwenye hiyo orodha ashindanishe na nyingine, sio kuiruka kimyakimya kama haipo.

Msomaji wako wa siku nyingi