Risala kwa mgeni wa heshima: Menengai ina wenyewe wengi, tunaomba meza moja

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu na walimu wote, chifu, wazee wa mtaa, kina mama, wanafunzi, na nyinyi wote mlioacha kazi zenu mkaja, hamjambo. Nimepewa hii karatasi nisome kwa niaba ya kikundi chetu cha kutunza krateri. Sisi ni watu wa huku juu kwa mteremko wa Menengai, hapa Nakuru, kuna wakulima, kuna watu wa bodaboda, kuna vijana wa kutembeza wageni na kuna kina mama wanaouza chai na mahindi choma pale watu husimama kuangalia chini. Tunashukuru sana vile umekubali kupanda hadi hapa, maana hiyo barabara tunaijua.

Mheshimiwa, mahali umeketi ni volkano. Tukiwa wadogo tuliambiwa ni shimo tu, lakini huu ulikuwa mlima mzima, halafu ukamwaga moto na majivu hadi tumbo likabaki tupu, na ile sehemu ya juu ikakosa kitu cha kuishikilia ikaporomoka ndani, ndio tukapata hii karai ya karibu kilomita 12 kwa 8, na ukingo pale juu kabisa ni mita 2,278 kutoka usawa wa bahari. Yale mawe meusi utaona chini ni lava iliyotoka baadaye. Asubuhi kukiwa na baridi unaona mvuke unatoka kwa nyufa kama moshi wa jikoni. Wamaasai wana hadithi za vita vyao wenyewe kwa wenyewe vilivyoishia hapa ukingoni, Wakikuyu wanaiita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na hadi leo kuna watu hushuka kwa mapango wakafunga na kuomba siku kadhaa. Mtoto wa hii shule akijua hayo yote hatatupa chupa ya soda huko chini, tumeshaona hiyo kwa macho yetu.

Sasa shida yetu ni hii. Menengai ina wenyewe wengi sana. Msitu uko chini ya KFS, shirika la serikali la misitu. Mvuke uko chini ya GDC, kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, ambao walianza kuchimba visima Februari 2011, visima vya kilomita 2 na zaidi kwenda chini, na kuna kampuni 3 za kuzalisha stima ya megawati 35 kila moja, ya kwanza ilianza kutoa stima 2023. Wageni na barabara ni mambo ya kaunti. Ukishuka upande wa mjini, pale Hyrax Hill, pale Mary Leakey alichimba 1937 akapata makaburi na vyombo vya watu wa zamani, hiyo ni ya Makumbusho ya Taifa. Ukifika Ziwa Nakuru ni KWS, shirika la wanyamapori. Na hii yote ni kitu kimoja, ni Bonde la Ufa moja, mvua ikinyesha hapa juu maji yanateremka hadi ziwani na hayaulizi ni ofisi ya nani.

Niseme ya moto, maana hapo ndipo sisi tulizaliwa kama kikundi. Ilikuwa kiangazi, mchana, upepo umekaza, moshi ukatokea upande wa juu wa msitu. Tukapiga simu. Ofisi ya kwanza ikasema hapo si kwetu pigieni wale wengine, tukapigia wale wengine wakasema wanangoja mkubwa atoe ruhusa, namba ya tatu ikawa haishikwi, na wakati huo moto unakula tu. Waliozima ni kina mama na vijana wa boda, na matawi mabichi na majembe, hadi usiku. Sitataja ofisi yoyote, nia yetu leo si kushtaki mtu. Lakini nikiri tulilia, mzee mmoja alikalia jiwe akasema yeye amezeeka hapa na hajawahi kujua ni nani anafaa kuitwa.

Wiki hiyo tukakaa chini ya mti na kila aliyekubali kuja. Hatukuandika makaratasi mengi. Tuliandika namba za simu za watu, si za ofisi, tukafungua grupu ya WhatsApp ambayo ndani kuna walinzi wa msitu, vijana wetu, walimu na watu wa mtambo wa stima, na tukakubaliana moshi ukionekana hakuna kuuliza ni kwa nani, mwenye lori la maji analeta maji, mwenye miguu anatembea, maswali ni kesho. Msimu uliofuata moto ulishika tena na ukazimwa kabla jua kuzama. Mheshimiwa, hiyo ndiyo maana ya ushirikiano kwetu, hatuna nyingine kubwa kuliko hiyo.

Na sheria inaturuhusu. Tangu Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyokuja kuchukua nafasi yake, wakaaji wanaweza kuunda chama cha msitu na kuweka mkataba na KFS wa kusaidia kuusimamia. Hiyo ni ya miti na nyasi na kuni. Lakini mawe je? Jiwe halina chama. Mtu akija na lori akavunja mawe ya lava aende kujengea, au akachonga jina la mpenzi wake kwa ukuta wa pango, sisi tunapiga kelele tu. Hata mwaka 2011, wakati maziwa yetu ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria yaliingizwa kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, yaliingia kwa sababu ya urembo wa bonde, ndege na uhai ulio ndani yake. Tunafurahia sana hao flamingo. Lakini miamba iliyoyazaa hayo maziwa haikuwekwa kuwa sababu yenyewe, na Menengai haimo kabisa.

Kuna jambo la Bogoria ambalo lazima tulisome mbele yako hata kama ni chungu. Waendorois walitolewa kando ya lile ziwa miaka ya sabini ili iwe hifadhi, wakapigania haki yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi uliotangazwa Februari 2010 ukasema walionewa. Mwaka uliofuata ziwa likaingizwa kwa orodha ya dunia na wenyewe wakalalamika hawakuulizwa vizuri. Sisi tumejifunza hapo. Chini huko chemchemi zinatoka zikichemka na zimelindwa, ni sawa, lakini mtu aliyezilinda kabla ya wewe na mimi kuzaliwa alifaa kuwa mezani kutoka siku ya kwanza.

Jirani zetu Tanzania, Ngorongoro Lengai ilikubaliwa kuwa jiopaki ya UNESCO mwaka 2018. Jiopaki ni mpango wa kutunza mawe na mlima pamoja na watu wake na biashara zao ndogo, na wakaguzi wanarudi baada ya kila miaka 4, wakipata mambo ni mazuri wanatoa kadi ya kijani, ikiwa si sawa ni ya manjano na mnapewa miaka 2 kurekebisha, ikizidi ni nyekundu, mnatolewa. Kama mpira tu. Tunapenda hiyo. Lakini tunasikia pia kuhusu familia za Wamaasai ambazo tangu 2022 zimehamishwa Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera, serikali inasema ni kwa hiari na wengi wao wanasema sivyo. Kwa hivyo hata hiyo kadi tunaitaka na watu wetu wakiwa ndani, bila watu hatuitaki.

Si kwamba mvuke na uhifadhi haviwezi kukaa pamoja. Angalia Hell's Gate kule Naivasha, mtambo wa stima ya mvuke wa Olkaria ulianza 1981, mbuga ikatangazwa 1984, na hadi leo mabomba na twiga wako kwa bonde moja. Si rahisi, kuna kelele, kuna barabara nyingi, lakini wanakaa na kuongea. Hata hapa Menengai GDC walionyesha vile joto la chini linaweza kupasha maziwa, kukuza mboga kwa nyumba za plastiki na kufuga samaki. Hicho ndicho kitu kijana wa hapa anaelewa haraka, kwamba krateri inaweza kumlisha bila yeye kuibomoa.

Mheshimiwa, maombi yetu. Tunaomba utumie sauti yako kuziita hizi ofisi zote zikae meza moja angalau kila baada ya miezi 3, hapa hapa juu, isiwe hoteli ya mjini, na viti viwili viwe vya wakaaji na kimoja cha walimu. Tunaomba sehemu ya ile ada wageni hulipa irudi kwa vyoo, mapipa ya taka na reli ya kuzuia watu wasianguke pale ukingoni, mahali watoto hucheza karibu sana na shimo tukashika roho. Tunaomba vijana wetu wafundishwe jiolojia na mtu aliyeisomea, hata wiki mbili tu, manake mgeni akiuliza hili jiwe ni gani tunaona aibu kubahatisha. Na kwa hii shule, tunaomba kabati moja la vioo, watoto wameokota mawe ya pumisi, yale mepesi ya volkano yenye vitundu, na wameyapanga kwa maboksi ya viatu.

Baada ya chakula vijana wako tayari kukupeleka hadi ukingoni, ni mwendo mfupi, na mzee wetu ataenda na wewe akuonyeshe pale moto ulianzia. Vaa viatu vya kutembea, tumekuwekea jozi kama hukubeba.

Ni sisi, wanakikundi na watoto wa Menengai.