Programu ya wanafunzi bora: hata wa mwaka wa pili wanapokelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wadogo zangu wanaojiandaa kuja kusoma Marekani. Vyuo vikuu vingi huku vina programu ya wanafunzi bora: madarasa ya watu wachache, na mwishoni tasnifu ya utafiti chini ya profesa. Nilipofika Ohio kutoka Tanga sikuomba, nikidhani ni ya waliochaguliwa tangu sekondari. Kumbe vyuo vingi hupokea hata wa mwaka wa pili, kwa kuangalia alama za mwaka wa kwanza. Chuoni kwetu wanataka wastani wa 3.5 kati ya 4.0.

Alama nilikuwa nazo. Kilichonitesa ni barua ya profesa ya kunipendekeza. Darasa la watu mia tatu, nani anakufahamu? Nikawa naenda ofisini kwake kila Jumanne na daftari langu la kemia, kurasa zimejaa wino mwekundu. Wiki ya tano akaniita kwa jina.

Sasa tuko kumi na wanne, tumekaa duara, na ukinyamaza unaulizwa. Mwanzoni nilitetemeka, maana nilizoea kunakili ubaoni.

Walimu wa kidato cha sita, tafadhali waambieni mapema. Mwaka wangu mmoja ulipotea hivihivi.

Mwanafunzi wa Kitanzania,
Columbus, Ohio