Waya za meno sio urembo wa saluni

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya juzi kuhusu waya za meno zinazofungwa saluni na kuuzwa mtandaoni kama fasheni, na mimi naona mmeichukulia kirahisi mno. Kupanga meno sio kubandika kucha jamani. Jino linahama kwa sababu waya unalisukuma kidogokidogo, mfupa unayeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, ndo maana kazi yenyewe inachukua kama mwaka mmoja na nusu mpaka miwili hivi na kabla ya yote daktari anapiga eksrei aone mizizi ikoje. Sasa yule dada wa saluni anayebandika kope, na gundi yake, anaona nini? Ukivuta kwa nguvu mzizi unaliwa, jino linalegea, na chakula kikinasa kwenye vile vyuma fizi zinavimba mpaka mswaki ukigusa tu damu. Thailand walishapiga marufuku hizi za urembo miaka mingi tu iliyopita.

Najua hospitali ni ghali, hilo sibishi, na ndo hasa linawapeleka vijana huko. Kwa hiyo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ifuatilie hivyo vifaa vinaingiaje, maafisa afya wapite saluni, halafu bima zianze kulipia angalau watoto ambao meno yamepishana hadi kutafuna shida. Na nyie gazeti, mkiandika tena muulizeni daktari wa meno kwanza, sio muuzaji.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam