Hiyo ploti ya Mukono, usilipe kwanza

Ndugu yangu, salama? Sisi huku Tororo tuko poa, mvua inanyesha watu wanapanda, mama anakusalimia sana.

Nimesoma mesej yako ya ile ploti nikafurahi kweli, ila kabla hujatuma hata shilingi moja nisikilize. Umesema dalali kakwambia ni 50 kwa 100, yaani desimali 12. Bana, hizo haziko sawa. 50 kwa 100 ni futi, ukizidisha unapata futi za mraba 5,000. Desimali moja ni eka ukiigawa mara 100, inakuja futi za mraba 435.6, kwa hiyo hapo una desimali 11 na nusu, tena nusu yenyewe haijatimia. Desimali 12 zingekuwa 5,227. Hizo 227 zilizopotea ni sebule nzima ya futi 15 kwa 15, na kama bei anakupigia kwa desimali basi unalipia sebule ambayo haipo. Halafu hati ikitoka itasoma hekta, masifuri mengi, utaona kama 0.0465 na hutajua ushukuru au ulie. Desimali 12 kamili ni 0.0486, iandike kwenye simu kabisa.

Simlaumu dalali peke yake, Uganda nzima tunaongea hivyo. Kwenye yale Makubaliano ya Buganda ya 1900 ardhi iligawiwa kwa maili za mraba na ardhi ya mailo, yaani ile inayomilikiwa kwa mfumo huo wa maili, ipo mpaka leo, huku petroli tunanunua kwa lita, sukari kwa kilo, na barabara ya Jinja tunahesabu kilomita. Angalia hata tairi ya gari, imeandikwa 195/65 R15, hiyo 195 ni milimita za upana na 15 ni inchi za rimu, na hakuna anayepotea kwa sababu kila namba inajulikana kazi yake. Kwa hiyo fundi aliyezoea mbao za 4 kwa 2 na misumari ya inchi 3 muache nazo, ukimlazimisha sentimita utamharibia kazi. Balaa huwa ni pale mafundi wawili wanapokutana kila mtu na kipimo chake.

Hapa kwa jirani mwashi aliacha nafasi za madirisha sentimita 120 kwa 120, fundi wa kuchomelea yeye akaambiwa tu "ya futi 4", akatengeneza futi 4 sawasawa, safi kabisa. Futi 4 ni sentimita 121.9. Hata sentimita 2 hazifiki lakini chuma hakibembelezeki, fremu imeegemezwa pale inagoma kuingia, ikabidi wachonge tofali kwa patasi dirisha moja baada ya lingine, na pesa ya kurudishia kuta ikatoka kwa mama wa watu ambaye hajui lolote kuhusu futi wala sentimita. Iliniuma sana ile, maana alikuwa ameikusanya kidogokidogo.

Wewe ukianza kujenga wabane kabisa, hakuna kutaja namba bila jina lake. Tepu ina inchi upande huu na sentimita upande ule, fundi yuko juu anaita "arobaini!" na kijana chini anakata kwa upande anaousoma yeye. Na mabati pia, dukani watakwambia la mita 3 na la futi 10 ni lilelile, wakati la mita 3 ni fupi kwa karibu sentimita 5, na hizo ndo zilitakiwa zitoke nje ya ukuta mvua isirudi ndani.

Sasa hiyo ploti tafuta saveya, yaani mpima ardhi, wako mwenyewe, sio wa dalali, mtembee wote kwenye mawe ya mpaka apime pande zote nne, maana mbele inaweza kuwa futi 50 ukifika nyuma ni 42 na mtu bado anaiita 50 kwa 100. Kwa mita inatakiwa iwe 15.24 kwa 30.48.

Nitumie picha ya ramani yenye urefu wa kila upande, nikitoka kazini jioni napiga hesabu nakupigia. Na muulize dalali anauza ploti nzima au anauza desimali, achague moja. Wasalimie watoto.

Ni mimi ndugu yako, Tororo